Mwili wa Mwanadamu: Sehemu Nyingi, Kazi Moja

Haya ni maneno ya hotuba juu ya mwili wa mwanadamu na jinsi sehemu zake zinavyosaidiana. Yamechapishwa hapa ili wale ambao hawakuyasikia wapate kuyasoma, na wale walioyasikia wapate kuyakumbuka.



Mwanadamu huishi na mwili wake tangu siku ya kuzaliwa hata siku ya kufa, wala hana mali nyingine iliyo karibu naye kuliko huo. Lakini ni ajabu kwamba watu wengi wazijua habari za ng'ombe zao na za baiskeli zao kuliko habari za miili yao wenyewe. Mwenye baiskeli ajua mnyororo ulipo na breki zilipo. Gurudumu likiisha upepo, ajua mahali pa kutafuta tundu. Lakini mtoto wake akishikwa na ugonjwa, huwa kama mtu aliyesimama gizani. Aona ya kuwa kuna jambo limeharibika, lakini hajui ni wapi, wala hajui kwa nini.

Utazameni mfano huu, ambao hutokea katika nyumba nyingi za mashambani na za mjini pia. Mtoto wa mwaka mmoja aanza kuhara alfajiri. Kila anyweshwapo maji, baada ya kitambo kidogo ahara tena. Mama yake, au nyanya yake, afikiri hivi: "Maji yaingia juu, yatoka chini. Basi tukimnyima maji, kuhara kutakoma." Fikira hiyo yaonekana kuwa ya akili, tena hutoka katika mapenzi. Walakini imewaua watoto wengi sana. Kwa nini iwe hivyo? Jibu halipatikani tumboni peke yake. Yafaa kwanza kuuzunguka mwili wote, idara kwa idara, na kuona kazi ya kila moja; ndipo habari ya mtoto yule itakapoeleweka.

MJI WENYE IDARA NYINGI

Mwili wa mtu umejengwa kwa vitu vidogo mno viitwavyo chembe hai. Haziwezi kuonekana kwa macho bila darubini, na hesabu yake ni mamilioni ya mamilioni. Kila chembe yahitaji chakula, yahitaji hewa, yahitaji maji, na yahitaji kuondolewa takataka zake. Ikikosa mambo hayo, hufa.

Wako viumbe wadogo wa majini ambao mwili wao mzima ni chembe moja tu. Hao hawana taabu. Chakula na hewa vimo katika maji yanayowazunguka, na takataka zao huchukuliwa na maji hayo hayo. Lakini chembe iliyo ndani ya ini la mtu, au katikati ya paja lake, iko mbali na chakula na mbali na hewa. Haiwezi kwenda sokoni. Hapana budi kuletewa. Ndiyo maana mwili ukawa kama mji mkubwa wenye idara zake: iko idara ya kupokea chakula, iko ya uchukuzi, iko ya hewa, iko ya usafi, iko ya kupeleka habari, na iko ya ulinzi. Kila idara ina kazi yake, lakini hakuna hata moja iwezayo kuishi peke yake. Wazee walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na neno hilo ni kweli hata ndani ya ngozi ya mtu.

MIFUPA, MISULI NA NGOZI

Mifupa ndiyo boriti za nyumba. Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, karibu 300, kwa sababu baadhi ya mifupa yake huungana anapokua. Mifupa ya kichwa huulinda ubongo, na mbavu huulinda moyo na mapafu. Tena mfupa si kama ukuni mkavu. Ni kitu chenye uhai. Ukivunjika huungana tena, na ndani ya baadhi yake mna uboho ambao hutengeneza damu mpya kila siku.

Mifupa haiwezi kwenda yenyewe. Huvutwa na misuli, nayo yapita 600. Msuli wajua kuvuta tu, haujui kusukuma. Kwa hiyo misuli mingi imewekwa miwili miwili. Msuli wa mbele ya mkono huukunja mkono, na wa nyuma huunyosha. Mmoja akaza, mwenziwe alegea.

Ngozi huufunika mwili wote. Huzuia vijidudu visiingie, na huzuia maji ya mwili yasipotee ovyo. Pia huutunza mwili usizidi joto lake, ambalo ni kiasi cha digrii 37. Mtu akilima juani, ngozi hutoa jasho, na jasho linapokauka huondoka na joto. Lakini jasho hilo ni maji na chumvi, navyo hutolewa katika akiba ya mwili. Yafaa kulikumbuka jambo hilo, maana akiba ya maji itatajwa tena na tena.

SAFARI YA CHAKULA

Mtu alapo ugali na mboga, vyakula hivyo haviwezi kwenda moja kwa moja katika damu. Ni lazima kwanza vivunjwe viwe vidogo mno. Kazi huanza kinywani: meno hutafuna, na mate hulainisha na kuanza kuugeuza unga kuwa sukari. Kisha chakula hushuka kwa umio mpaka tumboni, ambamo mna maji makali ya uchachu. Maji hayo huua vijidudu vingi na kuanza kuiyeyusha nyama, maharagwe, maziwa na mayai.

Kutoka hapo chakula huingia katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa kiasi cha mita 6. Ini huleta nyongo ya kuyayeyusha mafuta, na kongosho huleta maji ya kuvivunja vyakula vya kila namna. Upande wa ndani wa utumbo huo si laini kama mpira wa baiskeli. Umejaa vijinyama vidogo sana vilivyosimama kama nyuzi za taulo, ili kuwe na nafasi kubwa ya kufyonza. Hapo ndipo chakula kiingiapo katika damu. Kabla ya hapo, ingawa kimekwisha kumezwa, kilikuwa bado mlangoni. Mabaki hupita katika utumbo mpana, ambao hufyonza maji yaliyobaki, kisha hutoka kama choo.

Sasa yafaa kuitazama hesabu moja ambayo watu wachache huijua. Mtu mzima, kwa kunywa na kula, hupata kiasi cha lita 2 za maji kwa siku. Lakini mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe, yote yatokayo mwilini kwa ajili ya kuyeyushia chakula, hufika kiasi cha lita 7. Jumla yake ni lita 9 zipitazo katika utumbo kila siku. Na mtu mwenye afya aendapo chooni, maji yanayotoka pamoja na choo ni chini ya robo lita. Mengine yote hufyonzwa na kurudishwa katika damu. Utumbo basi ni kama mfereji wa shamba: maji humwagwa yafanye kazi, kisha hurudishwa kisimani. Mfereji huo ukiharibika, si maji ya kunywa tu yatakayopotea, bali na yale ya kisima chenyewe.

MOYO NA DAMU

Damu ndiyo mchukuzi wa mji huu. Mtu mzima ana kiasi cha lita 5 za damu. Mtoto wa kilo 10 hana hata lita moja. Katika damu mna chembe nyekundu zinazochukua hewa, chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, na vipande vidogo vinavyoziba jeraha. Vyote vyaelea katika maji yenye chumvi, sukari na vyakula vingine. Kila chembe nyekundu huishi kiasi cha siku 120, kisha huvunjwa na nyingine huchukua mahali pake.

Moyo ni msuli wenye ukubwa kama ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne, na kati ya vyumba mna milango ifungukayo upande mmoja tu. Nusu ya kuume huipeleka damu mapafuni ikachukue hewa safi. Nusu ya kushoto huisukuma damu ile iliyorudi kutoka mapafuni, iende mwilini kote. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku, usiku na mchana.

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini ya kuwa damu hutengenezwa kwa chakula katika ini, kisha huenda mwilini na kuishia huko kama maji yaishiavyo shambani. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Cairo, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kuume wa moyo, hupita katika mapafu, ndipo hufika upande wa kushoto. Baadaye, mwaka 1628, tabibu Mwingereza William Harvey alitoa kitabu kilichoonyesha mzunguko wote. Hoja yake mojawapo ilikuwa hesabu rahisi. Alikadiria kiasi cha damu kitokacho moyoni kwa kila pigo, akazidisha kwa mapigo ya nusu saa, akaona kwamba damu hiyo ni nyingi kuliko iwezavyo kutengenezwa kwa chakula chochote ambacho mtu angeweza kula. Basi hapana budi damu iwe ile ile, inazunguka na kurudi. Harvey hakuwa na darubini ya kumwonyesha njia ambazo damu hupita kutoka mishipa iendayo hata mishipa irudiyo. Njia hizo, ambazo ni nyembamba mno, zilionekana mwaka 1661, wakati Marcello Malpighi wa Italia alipochungulia pafu la chura.

Neno la Harvey lina maana kubwa kwa nyumba ya leo. Ikiwa damu ni ile ile inayozunguka, basi maji yake yakipungua, mzunguko wote hupungua, na kila chembe ya mwili huona njaa wakati mmoja.

PUMZI

Hewa huingia kwa pua, hupita katika koo na bomba la pumzi, na kufika mapafuni. Mapafu hayana msuli wa kujivutia hewa. Chini yake uko msuli mpana kama kiwambo cha ngoma, nao ushukapo, hewa huvutwa ndani. Upandapo, hewa hutoka. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mamilioni kwa mamilioni, na kila kifuko kimezungukwa na mishipa myembamba ya damu. Hapo damu hupokea oksijeni, na hutoa hewa chafu iliyokusanywa mwilini.

Mtu mzima aliyepumzika hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Watoto hupumua upesi zaidi. Lakini mtoto mwenye kikohozi, aliye na umri kati ya miezi 2 na mwaka mmoja, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mtoto wa mwaka 1 hata 5 akipumua mara 40 au zaidi, huenda ana kichomi, na yapasa apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia. Mama mwenye saa, au mwenye simu yenye saa, aweza kuhesabu mwenyewe mtoto akiwa ametulia.

FIGO, IDARA YA USAFI

Figo ni mbili, nazo zakaa nyuma ya tumbo, kila upande wa uti wa mgongo. Ni chujio. Kwa siku moja figo za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu. Kama zote zingetoka kuwa mkojo, mtu angekauka kabla ya adhuhuri. Lakini figo huyarudisha karibu yote, pamoja na chumvi na sukari inayohitajiwa, na kutoa lita moja au moja na nusu tu, iliyobeba takataka.

Figo zina busara. Mtu akinywa maji mengi, mkojo huwa mwingi na mweupe. Maji yakipungua mwilini, mkojo huwa haba na wenye rangi kali, maana figo zinabana matumizi. Kwa hiyo mkojo ni kama barua itokayo ndani ya mwili, na aweza kuisoma hata asiyejua kusoma.

UBONGO, MISHIPA YA FAHAMU NA TEZI

Mji wenye idara nyingi hauwezi kwenda bila mkuu na bila wajumbe. Ubongo ndio mkuu, na mishipa ya fahamu ndiyo waya za simu ziendazo kila mahali kwa njia ya uti wa mgongo. Mambo mengine hayangoji hata amri ya ubongo. Mtu akigusa sufuria ya moto, mkono hurudi kabla hajajua kwamba ameungua. Amri hiyo imetolewa na uti wa mgongo wenyewe.

Ubongo hula sana. Ingawa uzito wake ni kiasi cha kilo moja na nusu tu, huchukua sehemu moja kwa tano ya oksijeni yote ya mtu aliyepumzika. Ndiyo maana damu ikipungua kichwani, mtu huona kizunguzungu au huzimia.

Pamoja na waya hizo, zimo tezi, ambazo hutuma habari zake kwa njia ya damu. Kongosho, kwa mfano, hutoa insulini, ambayo huziamuru chembe kuipokea sukari. Ikikosekana, mtu hupata ugonjwa wa kisukari. Dawa hiyo ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na tangu hapo maelfu kwa maelfu wameokoka. Ubongo nao hupima chumvi iliyo katika damu. Ikizidi, mtu huona kiu, na wakati huo huo tezi moja huziamuru figo kuzuia maji. Kiu basi si tamaa wala utundu wa mtoto. Ni amri ya mwili.

UZAZI NA ULINZI

Ziko sehemu za uzazi, ambazo kwazo mwili mmoja huupa uhai mwili mwingine. Mtoto aliye tumboni mwa mama hulishwa kwa njia ya kondo la nyuma na kitovu, bila damu ya mama na ya mtoto kuchanganyika. Akizaliwa, maziwa ya mama huendelea na kazi hiyo, nayo yana chakula, maji na silaha za kupigana na maradhi.

Silaha hizo ni za idara ya ulinzi. Chembe nyeupe za damu huvikamata vijidudu, na baadhi yake huwakumbuka maadui waliokwisha kuonekana. Chanjo hutumia kumbukumbu hiyo: mwili huonyeshwa sura ya adui, asiyeweza kudhuru, ili siku ya vita awe anajulikana. Kwa njia hiyo ndui, iliyoua watu wasiohesabika, iliondolewa duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha.

KUMRUDIA MTOTO YULE

Sasa yawezekana kumrudia mtoto wa mwaka mmoja aliyeanza kuhara alfajiri. Vijidudu vimeingia kwa maji machafu, au kwa mkono usionawiwa, au kwa chakula kilichotuliwa na nzi. Vimeuchafua utumbo mwembamba, na ule mfereji umeharibika. Maji yamwagwayo ndani ya utumbo hayarudi kisimani. Kwa hiyo yanayomtoka mtoto si maji aliyonyweshwa tu. Ni maji ya damu yake. Mama amnyimapo maji, maji yale yazidi kutoka, na hakuna yanayoingia.

Mtoto huyo ana uzito wa kilo 10. Akipoteza maji ya nusu kilo, dalili zaanza. Figo zabana, mkojo wapungua. Ubongo watoa amri ya kiu, naye alia na kukishika kikombe kwa pupa. Macho yaingia ndani. Ikiwa ni mtoto mchanga zaidi, utosi wadidimia. Na hapa wengine hukosea tena, wakidhani utosi ndio ugonjwa, wakaupaka dawa au kuuchanja, hali ni dalili tu kwamba maji yamekwisha. Ngozi ya tumbo ikifinywa, yarudi polepole badala ya kurudi mara moja.

Maji yazidipo kupotea hata kukaribia kilo nzima, damu yawa haba. Moyo wapiga mbio ili kuizungusha damu ile ndogo iliyobaki. Mikono na miguu yawa baridi, maana mwili waiacha ngozi ili kuulinda ubongo. Figo zaacha kutoa mkojo. Mwisho ubongo wenyewe wakosa, na mtoto aacha kulia. Jamaa husema, "Sasa ametulia." Hakutulia, yu karibu na mauti. Ugonjwa ulianza katika utumbo, lakini kinachomwua ni kusimama kwa idara zote, kwa kukosa kitu kimoja ambacho zote hukitegemea.

MLANGO ULIOBAKI WAZI

Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini maji ya mwili yaweza kuzoleka, kama yakirudishwa mapema na kwa njia ifaayo.

Mwaka 1960 mtaalamu wa Marekani, Robert Crane, alieleza katika mkutano wa Prague kwamba katika kuta za utumbo umo mlango ambao sukari na chumvi huingia pamoja, na pale ziingiapo, maji hufuata. Baadaye ilionekana kwamba hata mtu akishikwa na kipindupindu, mlango huo hubaki wazi. Maji matupu hayapiti vizuri. Maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo hupita. Mwaka 1968, katika mji wa Dhaka, ambao wakati huo ulikuwa katika Pakistani ya Mashariki na leo ni mji mkuu wa Bangladeshi, madaktari David Nalin na Richard Cash waliwanywesha wagonjwa wa kipindupindu dawa ya namna hiyo, wakaona kwamba yafaa.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladeshi, wakimbizi wengi mno walivuka mpaka kuingia India, na kipindupindu kikawaingia. Katika kambi ya Bangaon maji ya kutiwa kwa sindano yalikuwa machache. Daktari Dilip Mahalanabis akaagiza sukari na chumvi zipimwe, zichanganywe na maji, na ndugu za wagonjwa wapewe kazi ya kuwanywesha. Kabla ya hapo wagonjwa karibu 30 katika kila 100 waliweza kufa. Kwa njia hiyo waliokufa walikuwa chini ya 4 katika 100. Walioshika vikombe hawakuwa madaktari. Walikuwa akina mama, akina baba, kaka na dada.

YAPASAYO KUFANYWA

Mtoto aanzapo kuhara, apewe vitu vya majimaji zaidi, si kupunguziwa. Anyonyaye aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Ale chakula chake, kidogo kidogo. Dawa iliyo bora ni ile ya pakiti ipatikanayo katika zahanati na maduka ya dawa. Pakiti ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi. Ikikosekana kabisa, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa, wala visiwe vya kilele. Onja kwanza: yasizidi machozi kwa chumvi. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, na sukari ikizidi huyavuta maji mengi zaidi kuingia utumboni. Kwa hiyo soda haifai. Maji yaliyolala zaidi ya saa 24 yamwagwe.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe kati ya robo na nusu ya kikombe kila aharapo. Mkubwa kuliko huyo apewe kati ya nusu kikombe na kikombe kizima. Akitapika, angojewe dakika 10, kisha apewe tena polepole, kijiko kwa kijiko. Katika zahanati hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hata 14, ambavyo hufupisha ugonjwa. Na vidonge hivyo visikatizwe hata kuhara kukikoma.

Lakini mtoto akiwa na damu katika choo, au akishindwa kunywa, au akitapika kila kitu, au akilegea na kuwa na usingizi usio wa kawaida, au macho yakiingia ndani na ngozi ikirudi polepole, asingojewe hata kesho. Apelekwe hospitali, na njiani azidi kunyweshwa ikiwa aweza kumeza.

Na lililo bora kuliko hayo yote ni kuufunga mlango wa adui: choo kilichochimbwa vizuri na kufunikwa, mikono kunawiwa kwa sabuni baada ya kwenda chooni na kabla ya kushika chakula, maji ya kunywa kuchemshwa, na chakula kufunikwa. Kinga ni bora kuliko tiba.

Basi, mabibi na mabwana, elimu ya mwili si ya madaktari peke yao. Nyanya aliyemnyima mtoto maji alimpenda, ila hakujua kwamba tumbo, damu, moyo, figo na ubongo hunywa katika kisima kimoja. Ajuaye hayo, hata kama hakusoma shule nyingi, aweza kusimama usiku wa manane, mbali na hospitali, akiwa na kikombe, sukari na chumvi, na asubuhi mtoto akawa hai.